Mjomba, hata viwanda vyao vilikufa

Lowell, Massachusetts
Jumapili jioni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba na wote waliopo hapo nyumbani, na kwamba goti limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua, baridi imeanza kulegea, kazi zinaendelea. Hela ya bati nimeshamtumia kaka. Mwambie asikubali geji nyembamba hata fundi akiapa.

Siku ile ya arusi uliniuliza swali kwenye simu, katikati ya kelele za muziki: "Hawa wenzetu walifanyaje mpaka viwanda vikasimama, na sisi vyetu vikatufia mikononi?" Nikakujibu ovyo ovyo, simu ikakatika. Na najua ujumbe wa sauti huutaki, unasema maneno ya kurekodiwa hayasomeki mara ya pili. Basi nimekaa kuandika. Swali lako limenikuta mahali pake, maana mji huu ninaoishi ndiko Wamarekani walikojifunzia kiwanda, na kiwanda chenyewe kilikuwa cha nguo, kazi uliyoifanya wewe mpaka masikio yakaharibika.

Mto Merrimack unapita hapa, na kwenye maporomoko ya Pawtucket maji yanashuka karibu mita 10. Hiyo ndiyo iliyowaleta. Kabla ya 1821 palikuwa mashamba tu, na mfereji mmoja wa kupitishia magogo na mashua uliochimbwa miaka ya 1790. Wakaja matajiri wa Boston, wakanunua mashamba kimya kimya kabla wenyeji hawajashtuka, wakachimba mifereji mingine mpaka jumla ikafika kilomita 9 hivi. Kampuni ya kwanza, Merrimack Manufacturing Company, ilianza kutoa kitambaa 1823. Mwaka 1826 pakatangazwa kuwa mji, wenye watu 2,500. Kufika 1850 walikuwa zaidi ya 33,000. Fikiria kijiji unachokijua kikigeuka mji mkubwa kabla mtoto aliyezaliwa siku ile hajaoa.

Mwenyewe aliyepewa heshima ya jina la mji, Francis Cabot Lowell, hakuuona. Alikuwa mfanyabiashara wa Boston. Kati ya 1810 na 1812 aliishi Uingereza na familia yake, akawa anazunguka kwenye viwanda vya nguo kama mgeni mwungwana anayepitisha muda. Wakati huo Waingereza walikuwa wamepiga marufuku kutoa nje ya nchi mashine za nguo na michoro yake. Yule bwana aliangalia, akauliza, akahifadhi kichwani. Aliporudi akamtafuta fundi hodari, Paul Moody, na kufika 1814 mashine yao ya kufuma kwa nguvu ya maji ilikuwa inafanya kazi Waltham, karibu na Boston. Na hakuwa wa kwanza. Samuel Slater alishatoka Uingereza na ujuzi wa kusokota kichwani, na kinu chake cha uzi kilianza kuzunguka Pawtucket, Rhode Island, mwaka 1790. Leo Mchina akinakili simu, televisheni za huku hazilali.

Jambo jipya la Waltham utalielewa wewe kuliko mimi. Robota la pamba liliingia mlango mmoja, pamba ikachanwa, ikasokotwa, mtande, zile nyuzi za urefu, ukatandikwa, kitambaa kikafumwa, na jora likatokea mlango wa pili, yote chini ya paa moja na mwenye mali mmoja. Kabla ya hapo viwanda vilisokota uzi tu, kisha uzi ukagawiwa majumbani kwa wafumaji. Lowell alifariki 1817, na wenzake, Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson, ndio waliouhamishia mpango huo huku kwenye maji mengi.

Majengo yao bado yapo, ya matofali mekundu, ghorofa tano sita, marefu na membamba. Nilidhani ni urembo wa zamani. Kumbe gurudumu la maji lilikaa chini kabisa kwenye msingi, likazungusha shafti, na mikanda ya ngozi ikapandisha mzunguko ule ghorofa kwa ghorofa. Kila mashine ilitakiwa iwe karibu na shafti na karibu na dirisha, basi jengo likarefuka kwenda juu badala ya kutanuka. Nyie mliokuta kila mashine na mota yake hamkupata taabu hiyo. Mkanda mmoja ukikatika hapa, safu nzima ilisimama, na mkanda ukikunasa nguo au nywele hapakuwa na swichi ya kukimbilia.

Niruhusu nikae kidogo kwa mtu mmoja, maana huyu ameniteka. James B. Francis alikuwa kijana wa Kiingereza aliyekuja Marekani ana miaka 18, akaja kuwa mhandisi mkuu wa mifereji ya hapa. Kazi yake ilikuwa kuyapima maji, kwa sababu maji yaliuzwa kwa viwanda kwa kipimo, na kila kiwanda kilitaka kuiba kidogo. Katika kupima huko akatengeneza, mwishoni mwa miaka ya 1840, turubini bora kuliko magurudumu ya mti. Turubini hiyo ina jina lake mpaka leo, na mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni ya aina hiyo. Kwa hiyo ukiwasha taa usome barua hii, huenda umeme umepita kwenye wazo lililozaliwa mtaani kwangu.

Halafu mwaka 1850 akajenga lango kubwa la mbao la kuzuia mafuriko, pana kama mita 8, zito, likining'inia juu ya mfereji kwa kiungo cha chuma. Watu wakamcheka, wakaliita upuuzi wa Francis, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka mafuriko ya kutisha kiasi hicho. Mwaka 1852 mto ukafura. Wakakata kile kiungo cha chuma usiku, lango likaanguka, mji ukapona. Likateremshwa tena 1936, mzee mwenyewe keshakufa zamani. Nimekwenda kulitazama. Ni mbao tu nene, nyeusi, hazina hata rangi. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka pale wakuu wote wa mipango miji wa Dar es Salaam wakae nusu saa.

Basi tuje kwa watu, maana mashine haijiendeshi. Wanaume wa huku walikuwa na mashamba yao, na ardhi magharibi ilikuwa ikiwaita. Makampuni yakawafuata mabinti wa wakulima wa New Hampshire, Vermont na Maine, wengi wao wa kati ya miaka 15 na 30. Wazazi wakaogopa, kama wazazi wetu wangeogopa. Basi makampuni yakajenga mabweni, kila bweni na mama mlezi wake, aghalabu mjane. Mlango ukifungwa saa nne usiku, Jumapili kanisani lazima. Bweni moja limehifadhiwa. Vyumba vya juu ni vidogo, na walilala wawili wawili kitanda kimoja, wanne mpaka wanane chumbani, masanduku yao chini ya kitanda.

Mshahara ulikuwa dola 3 na kitu kwa wiki, ukatoa dola moja na robo ya chakula na malazi. Lakini ulilipwa taslimu, mkononi mwa binti mwenyewe, katika nchi ambayo mwanamke aliyeolewa hakuwa na haki ya kumiliki hata hicho alichokichuma. Wengine walilipia kaka zao masomo, wengine walikomboa shamba la baba lililowekwa rehani, na wengine walinunua kofia nzuri wakaenda kuwaringia wenzao kijijini. Niliposoma hayo nikawakumbuka mabinti wa kwetu walioko Muscat na Dubai, ada za wadogo zao zikitoka jikoni kwa watu.

Sasa nikwambie ninachoamini, Mjomba, ukipinga utaniandikia. Wengi husema viwanda viliibadilisha Marekani kwa mashine. Mimi naona kengele ilifanya kazi kubwa zaidi. Mkulima huamka mapema pia, na huchoka kuliko hata mfumaji, lakini jua na mvua ndivyo vinavyomwamrisha, na baada ya mavuno hupumzika. Hapa kengele ya kwanza ililia saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja geti limefungwa, na aliyechelewa amekatwa. Nusu saa ya kifungua kinywa, dakika chache za chakula cha mchana, ambazo ndani yake ukimbie bwenini, ule, urudi. Kutoka ni saa moja jioni. Ukijumlisha wiki nzima ilikuwa saa 73 hivi. Wakati wa baridi walianza gizani na kumaliza gizani, kwa taa za mafuta, madirisha yamefungwa kwa makusudi ili hewa ibaki na unyevu na uzi usikatike. Vumbi la pamba nalo likabaki humo humo. Hilo sina haja ya kukueleza, kifua chako kinalijua.

Na saa ya ukutani ilikuwa ya kampuni. Wafanyakazi walilalamika kwamba ilikuwa ikichezewa, inakimbizwa asubuhi na kucheleweshwa jioni. Ghalani ninakofanya kazi mimi hakuna kengele. Tunavaa kifaa mkononi kinachosoma alama za bidhaa, nacho kinajua umechukua sekunde ngapi toka rafu hii mpaka ile. Ukienda msalani kinahesabu. Mama mmoja wa Kivu tunayefanya naye zamu, Kiswahili chake cha Kikongo kitamu mno, hukiita "nyapara." Akikivaa jioni hukisalimia: "Jambo, nyapara." Tunacheka, kisha tunakimbia.

Wale mabinti hawakukaa kimya. Februari 1834 walitangaziwa kwamba mishahara inakatwa. Kama 800 wakaacha mashine wakatoka barabarani, na njiani wakapita benki kutoa akiba zao, benki ikahangaika kutafuta fedha. Hawakushinda. Mwaka 1836 makampuni yakapandisha gharama za bweni, wakatoka tena, safari hii zaidi ya elfu moja, na makampuni kadhaa yakarudi nyuma. Wanawake hawakuwa na kura, Mjomba. Kura wangeipata nchi nzima 1920. Walichokuwa nacho ni mikono ambayo bila hiyo maji yangepita bure mfereji mzima.

Kuna mmoja, Sarah Bagley, huyo ningependa shangazi amsikie. Mwishoni mwa 1844 yeye na wenzake wakaunda chama cha wafanyakazi wanawake wa Lowell, wakadai siku ya kazi iwe saa 10. Wakakusanya saini maelfu kwa karatasi, mkono kwa mkono. Mwaka 1845 kamati ya bunge la jimbo ikawaita kuwasikiliza, Bagley akasimama akaeleza vyumba vilivyojaa moshi wa taa na afya zinazopotea. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwenye gazeti la hapa hapa Lowell, rafiki wa makampuni. Kamati ikasema mambo ya saa za kazi wakubaliane wenyewe na waajiri wao. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipita Massachusetts mwaka 1874, miaka karibu 30 baadaye. Bagley alikuwa keshaondoka kiwandani siku nyingi. Alikwenda kufanya kazi ya telegrafu, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa Marekani kuishika kazi hiyo. Walipomhamishia mji wa Springfield akagundua analipwa robo tatu tu ya alicholipwa mwanamume aliyemtangulia kwenye kiti kile kile.

Makampuni nayo yalikuwa na jibu lao. Badala ya kukata mshahara waziwazi, yaliongeza mashine: mfumaji aliyesimamia mbili akapewa tatu, kisha nne, na zikaendeshwa kwa kasi zaidi, huku malipo ya kila jora yakishuka. Mabinti wa wakulima wakaanza kurudi makwao, na nafasi zao zikachukuliwa na watu wasio na shamba la kurudia. Kwanza Waairishi. Hao walikuwapo tangu mwanzo: mwaka 1822 Hugh Cummiskey aliongoza vibarua 30 kwa miguu kutoka Charlestown, wakaja kuchimba mifereji, wakajenga vibanda vyao pembeni kwa kuwa mji haukuwa umewapangia pa kulala. Njaa ya viazi ilipowafukuza kwao miaka ya 1840, wakaja wengi mno. Baada yao Wafaransa wa Quebec, Wagiriki, Wareno, Wapolandi. Kila kabila likadharauliwa na lililotangulia. Siku hizi mtaani kwangu ni Wakambodia waliokimbia vita yao, na sisi Waafrika tunaofuata foleni.

Nilikwenda na watoto kwenye makumbusho ya Boott Cotton Mills, pale chini kabisa kando ya mto. Chumba cha chini wamekiacha na mashine za kufumia 88, za mwanzoni mwa karne ya 20, na bado wanaziendesha kadhaa ili watu wasikie. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Unaanza kuisikia sakafu kwenye nyayo kabla hujaisikia sauti. Nilisimama nikaangalia kile kipande cha mti chenye ncha mbili kinachobeba bobini kikirushwa huku na huku kati ya nyuzi za mtande, na hapo hapo nikaelewa kwa nini ulikuwa ukirudi nyumbani unatufokea hata ukiwa na furaha. Mzee anayeongoza wageni alitueleza jinsi wafumaji wa zamani walivyokuwa wakiweka mdomo kwenye tundu la kile kipande na kuvuta uzi mpya kwa pumzi. Kilipita kinywa hata kinywa, na kifua kikuu kikasafiri nacho. Wenyewe walikiita busu la kifo. Mwanangu mdogo aliuliza kama babu mjomba naye alifanya hivyo. Sikujua. Utamjibu.

Pamba ilitoka wapi? Hapa ndipo makumbusho ya zamani yalipokuwa yakipita haraka, ingawa siku hizi wanasema wazi. Massachusetts haioti pamba. Ilitoka Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana, kwa mikono ya watumwa. Mashine ya kuchambua mbegu aliyoitengeneza Eli Whitney mwaka 1793 ilirahisisha kazi ya mbegu, na kwa kuirahisisha ikaufanya utumwa uwe na faida kubwa zaidi. Kufika 1860 walikuwa watumwa karibu milioni 4. Na baadhi ya viwanda vya Lowell vilifuma kitambaa kizito, kibaya, cha bei ya chini kabisa, kikarudi kusini kuwavika watumwa wale wale. Mwanasiasa wa jimbo hili, Charles Sumner, alilisema jambo hili hadharani mwaka 1848: mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine za kufuma wameungana. Matajiri wa Boston hawakumpenda kwa kauli hiyo.

Na uzi wenyewe ukafika mpaka kwetu. Merikani ile aliyokuwa akiisimulia bibi, ya rangi ya maziwa, iliyovaliwa bara yote na kuzikiwa watu, ilitoka mikoa hii. Mji wa Salem, si mbali na hapa, ulikuwa na wafanyabiashara wa meli waliofanya urafiki mapema na Zanzibar. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo, akafanya biashara kuliko ubalozi. Mwaka 1840 Sayyid akaipeleka meli yake, Sultana, mpaka New York, chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na pembe za ndovu, karafuu na ngozi. Salem haikuwa na maporomoko, kwa hiyo kiwanda chake kikubwa cha nguo, kilichoanza kazi 1847, kiliendeshwa kwa mvuke na makaa yaliyoletwa kwa meli. Kwa mvuke viwanda viliweza kuachana na mto na kuhamia popote penye bandari au reli. Na merikani ya kiwanda hicho ikaja kwetu. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilibeba majora ya merikani kama fedha, ikalipia hongo, yaani ushuru wa njia, na chakula na wapagazi.

Walichochukua kwetu ndicho kinachonikera zaidi. Sandarusi ya Mrima, ule utomvu wa mti uliokauka, ilisafishwa Salem ikawa vanishi ya kung'arishia samani. Pembe zilikwenda Connecticut, kwenye vijiji viwili, Deep River na kingine walichokipa jina la Ivoryton kwa ajili ya hizo pembe. Huko zilichongwa kuwa vipande vyembamba vya kinanda, vikaanikwa juani ndani ya vibanda vya vioo mpaka viwe vyeupe. Kila familia ya Kimarekani iliyopata pesa kidogo ilitaka kinanda sebuleni. Kwa hiyo mtumwa wa Mississippi alilima pamba, binti wa Vermont akaifuma, mpagazi wa Kinyamwezi akaipokea merikani kama ujira wa kubeba jino la tembo, na binti mwingine Boston akajifunza nyimbo za kanisa kwenye jino hilo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikakatika, viwanda vingi vya Lowell vikauza robota walizokuwa nazo kwa faida na kuwaachisha kazi maelfu. Kwetu merikani ikawa adimu, ikaja ya Kiingereza, na baadaye Bombay ikashika soko.

Mambo mengine nitayapitia tu. Reli ya Boston na Lowell ilifunguliwa 1835, ndiyo ninayopanda mpaka leo, ingawa mabehewa wamebadilisha. Mwaka 1883 makampuni ya reli yakaamua nchi nzima ifuate saa za kanda, kwa sababu kila mji ulikuwa na saa yake na ratiba za treni zikavurugika. Umeme ukaingia viwandani, shafti na mikanda ikaondoka. Ford kule Michigan akaweka gari kwenye mkanda unaotembea mwaka 1913, na mwaka uliofuata akatangaza dola 5 kwa siku, maana wafanyakazi walikuwa wakimkimbia kwa uchoshi wa kazi yenyewe. Sensa ya 1920 ikaonyesha kwa mara ya kwanza kwamba Wamarekani wengi zaidi wanaishi mijini kuliko mashambani. Hayo yote yana watu wao na barua zao.

Sasa swali lako. Mjomba, hawa nao viwanda vyao vilikufa. Vilipokuwa vichanga vililindwa. Huyo huyo Lowell alikwenda Washington kuzungumza na wabunge, na sheria ya ushuru ya 1816 ikasema kila yadi ya kitambaa cha pamba kutoka nje ihesabiwe kana kwamba thamani yake ni angalau senti 25, hata kama imenunuliwa India kwa senti 6, kisha itozwe asilimia 25 ya thamani hiyo ya kubuni. Kitambaa rahisi cha Kihindi kikafukuzwa sokoni kwa kalamu. Nyie mlifuma wakati mitumba inashushwa kwa makontena na khanga za nje zinauzwa Kariakoo chini ya gharama ya uzi wenu, na bado mnaambiwa mlikuwa wavivu. Anayekwambia hivyo mwulize ushuru wa 1816 ulikuwa kiasi gani.

Kisha vilipokomaa, faida ilipelekwa kwa wenye hisa badala ya mashine mpya, na kazi ikahamia majimbo ya kusini, kwenye pamba karibu, mishahara midogo na vyama dhaifu. Miaka ya 1920 Lowell ilikuwa tayari inazimika. Boott walifunga milango miaka ya 1950. Ule mtambo mama, Merrimack, ulibomolewa kabisa. Wazee wa hapa wanakumbuka madirisha yaliyovunjika, mifereji iliyojaa matairi, vijana waliohama. Baadaye kusini nako kazi ikahama, ikaenda Asia. Mwaka 1978 serikali ikaufanya mji huu hifadhi ya taifa ya historia, na majengo mengine yamegeuzwa nyumba za kupanga ambazo mimi siwezi kulipa kodi yake. Kwa hiyo wewe na mfumaji wa Lowell mliachishwa kazi kwa sababu zinazofanana sana, tofauti yenu ni kwamba yeye alipata makumbusho.

Nina jambo la kukuomba. Kaa na daftari, uniandikie kazi yako ilivyokuwa: ulisimamia mashine ngapi, zamu ilianza saa ngapi, nani alikuwa nyapara, mtande ukikatika ulifanya nini, na siku umeme ulipokatika mlikaa wapi. Andika hata majina ya mashine mlivyoyatamka nyie kiwandani. Hapa kila binti aliyeandika barua kwao kuhusu bweni na kengele, barua yake inatafutwa sasa na kuwekwa ndani ya kioo. Yako ipo kichwani kwako tu, na mimi nataka kuisoma.

Nisalimie mama, shangazi, na majirani wote. Mkazamjomba mwambie kahawa ilifika salama na imekwisha.

Wasalaam,
Mpwa wako